Hipnosisi: Nguvu imo kwa anayetibiwa

Tarehe 4 Aprili 1845, katika mji wa Hooghly huko Bengal, India, daktari wa upasuaji kutoka Uskochi, James Esdaile, aliletewa mfungwa mwenye mabusha pande zote mbili. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa ugonjwa huo. Nusukaputi ilikuwa haijaingia hospitalini. Mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu, naye daktari akafanya kazi yake upesi awezavyo. Esdaile alianza na upande mmoja, na maumivu yaliyomshika yule mfungwa yakawa makali hata daktari akaamua kujaribu jambo ambalo alikuwa amelisoma tu, hajapata kuliona likifanywa. Aliketi mbele yake, akawa anapitisha mikono juu ya uso na kifua chake, taratibu, tena na tena. Muda mrefu ulipita, mfungwa akatulia. Alipochomwa kwa pini hakushtuka. Alipoguswa kwa moto hakujitikisa.

Miaka iliyofuata Esdaile aliwapasua mamia ya wagonjwa kwa njia hiyo, wengi wao wakiwa na mabusha makubwa, na serikali ya kikoloni ikampa hospitali ndogo mjini Calcutta ili aendelee na kazi yake. Lakini Oktoba 1846 madaktari wa Boston, Marekani, walionyesha hadharani kwamba mvuke wa etha humlaza mgonjwa kwa dakika chache, tena karibu kila mgonjwa. Kupitisha mikono kwa saa nzima kukakosa soko.

Esdaile aliamini kuna nguvu fulani iliyotoka mikononi mwake ikaingia mwilini mwa mgonjwa. Matokeo aliyoyaona yalikuwa ya kweli. Maelezo yake ndiyo yaliyokuwa na kasoro. Imechukua muda mrefu kwa utabibu kukubali kwamba nguvu hiyo haikuwa ya mganga hata siku moja, na anayeliona hilo atajua hipnosisi inaweza kumsaidia wapi, na ni nani wa kumkimbia.

Mvulana na miti minne

Jambo hili lilipimwa mapema. Mwaka 1778 daktari Franz Anton Mesmer alihamia Paris kutoka Vienna na kuanza kutibu watu kwa kile alichokiita sumaku ya viumbe. Wagonjwa walizunguka pipa kubwa lenye fimbo za chuma, wakashika fimbo hizo mahali panapowauma, na baada ya muda wengine wakaanza kutetemeka, kulia na kuanguka. Wengi walisimama wakisema wamepona.

Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 aliunda tume ya kuchunguza. Ndani yake walikuwamo Benjamin Franklin, aliyekuwa balozi wa Marekani, mkemia Antoine Lavoisier, na daktari Joseph-Ignace Guillotin. Tume ilifanya jaribio moja katika bustani ya nyumba ya Franklin huko Passy. Mfuasi wa Mesmer, Daktari Deslon, alitia "sumaku" katika mti mmoja wa aprikoti. Kisha mvulana wa miaka 12, aliyechaguliwa na Deslon mwenyewe kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuathirika, alifungwa macho na kupelekwa kwenye miti mingine, mmoja baada ya mwingine. Kwenye kila mti alijisikia vibaya zaidi, na kwenye mti wa nne akazimia. Mti wenye sumaku ulikuwa mbali, hakuwa ameufikia.

Tume ikahitimisha kwamba sumaku hiyo haipo na kwamba kinachofanya kazi ni fikra za mgonjwa. Ripoti ilimvunjia Mesmer jina. Wajumbe waliona wamemaliza kazi, kumbe walikuwa wamefungua swali kubwa kuliko lile walilopewa: kama fikra peke yake zinaweza kumwangusha mtoto mwenye afya, je, haziwezi kumwinua mgonjwa?

Mmoja wa watu wa kwanza kulijibu waziwazi alikuwa padri kutoka Goa, José Custódio de Faria, mzaliwa wa nchi ileile waliyotoka Wagoa wengi wa Zanzibar na Mombasa. Akiwa Paris mwanzoni mwa karne ya 19, Faria aliwaambia watazamaji wake kwamba hana nguvu yoyote ya pekee. Kila kinachotokea hutoka kwa mtu mwenyewe anayelazwa. Mwaka 1843 James Braid, daktari wa upasuaji mjini Manchester, aliandika kitabu kilicholipa jambo hili jina tunalolitumia leo na kulitoa mikononi mwa watu wa sumaku.

Paris na Nancy

Ugomvi mkubwa ulizuka Ufaransa miaka ya 1880. Jean-Martin Charcot, bingwa wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alishikilia kwamba hipnosisi ni dalili ya ugonjwa; mwenye akili timamu haingiliki. Katika mji wa Nancy, daktari wa wanyonge Ambroise Liébeault na Profesa Hippolyte Bernheim walisema kinyume. Kwao hipnosisi ilikuwa jambo la kawaida la akili ya binadamu, na kiini chake kilikuwa ushawishi wa maneno: kauli inayotolewa kwa namna ambayo mtu huipokea na mwili wake kuitenda bila yeye kujilazimisha. Wagonjwa wa Charcot, walisema watu wa Nancy, walionyesha dalili zilezile kwa sababu walijua ndizo zinazotarajiwa. Historia imewapa ushindi Nancy.

Kijana mmoja kutoka Vienna alipita pande zote mbili. Sigmund Freud alikwenda kwa Charcot mwaka 1885, akaenda Nancy mwaka 1889, na kwa miaka kadhaa aliwatibu wagonjwa wake kwa hipnosisi. Baadaye aliiacha. Si kila mgonjwa alilazika, na aliona nafuu ikitoweka pale uhusiano kati ya mgonjwa na daktari ulipoharibika. Aliwaacha wagonjwa wazungumze lolote linalowajia, na saikolojia ya karne ya 20 ikafuata njia hiyo. Kitanda maarufu cha Freud, ambacho wachoraji wa katuni hawakichoki, kilibaki kutoka siku zake za hipnosisi.

Aliyeirudisha hipnosisi chumbani mwa daktari kwa nguvu alikuwa Mmarekani, Milton Erickson. Alipata polio akiwa na miaka 17, akajifunza upya kutembea, kisha akasomea udaktari wa magonjwa ya akili. Erickson hakupenda kuamuru. Alisimulia visa na kuzungumza kwa mafumbo, akamwachia mgonjwa achukue linalomfaa. Mzee yeyote wa pwani aliyewahi kumrudi kijana kwa kumsimulia kisa cha mtu mwingine angemwelewa mara moja. Mwaka 1957 Erickson alianzisha chama cha wataalamu wa hipnosisi tiba nchini Marekani; miaka miwili kabla, Chama cha Madaktari cha Uingereza kilikuwa kimeikubali kama njia halali ya tiba.

Ndani ya chumba

Hakuna saa inayoning'inizwa machoni. Mgonjwa huketi kitini, huulizwa anataka kubadilisha nini, na huelezwa kitakachofanyika. Kisha mtaalamu humwongoza kuelekeza mawazo mahali pamoja: pumzi, uzito wa mikono, au mahali fulani anapopapenda. Mgonjwa halali. Anasikia magari nje, anaweza kujikuna, anaweza kufumbua macho na kuondoka. Tofauti ni kwamba yale ya pembeni yamefifia, na picha anayoipata akilini imekolea karibu na kuona kwa macho.

Tuseme kuna mtu anayeogopa kupanda boti ya Unguja hata mishahara yake inakatwa kwa kukosa safari za kikazi. Katika hali hiyo ya utulivu mtaalamu humpeleka kwa fikra hatua kwa hatua: geti la bandari, harufu ya mafuta na maji ya chumvi, ngazi, kiti, boti inapoanza kusukasuka. Hofu ikipanda wanasimama, pumzi inarudishwa, wanaendelea. Anaambiwa kwamba kila akibana kidole gumba na cha shahada, utulivu huu utamrudia, na anaufanyia mazoezi nyumbani. Baada ya vikao kadhaa anakwenda bandarini kweli. Ukiangalia vizuri utaona kwamba tiba yenyewe ni ile ya kumzoesha mtu kile anachokiogopa, ambayo wanasaikolojia huitumia kila siku. Hipnosisi imesaidia kuikoleza.

Ndiyo maana wataalamu makini husema hipnosisi haitibu peke yake. Huongeza nguvu ya tiba iliyopo. Mwaka 1995 Irving Kirsch na wenzake walikusanya tafiti 18 zilizolinganisha tiba ya fikra na tabia ikiwa na hipnosisi na tiba hiyohiyo bila hipnosisi. Mgonjwa wa kawaida wa kundi la kwanza alipata nafuu kuliko angalau asilimia 70 ya wale wa kundi la pili. Tathmini za baadaye zilipunguza ukubwa wa faida hiyo, lakini hazikuifuta.

Anayetaka kuonja jambo hili anaweza kufanya jaribio alilolieleza mkemia Mfaransa Michel Chevreul mwaka 1833. Funga pete kwenye uzi, shika uzi kwa vidole viwili, egemeza kiwiko mezani, uiache pete ining'inie. Usiisukume. Fikiria tu pete ikienda mbele na nyuma. Kwa watu wengi itaanza kwenda. Misuli ya vidole imetii picha ya akilini bila kukuomba ruhusa.

Si kila mtu huingilika

Tangu mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Stanford kimetoa vipimo vya kuonyesha mtu anaingilika kiasi gani. Anaambiwa mkono wake ni mzito mno kuinuka, au kuna mbu anamvumia, na mpimaji huandika kinachotokea. Kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya watu huitikia karibu kila kitu, kundi linalokaribia ukubwa huo haliitikii karibu chochote, na wengi wetu tuko katikati. Kiwango hicho hakibadiliki sana: watu waliopimwa tena baada ya miaka 25, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989, walikutwa karibu palepale. Na kuingilika si ujinga wala udhaifu wa nia.

Mitambo ya kupiga picha za ubongo imewaziba mdomo waliodai kwamba watu hao hujifanya. Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake mjini Montréal waliwaambia watu wachovye mkono katika maji ya moto yanayouma, huku maneno ya hipnosisi yakipandisha au kushusha karaha ya yale maumivu. Sehemu ya ubongo inayohusika na karaha ilipanda na kushuka kufuata maneno, ilhali ile inayopokea hisia za ngozi haikubadilika hivyo. Maumivu yalikuwapo, lakini yalipungua uchungu.

Jaribio jingine linamvutia kila ajuaye kusoma. Ukiandikiwa neno "nyekundu" kwa wino wa kijani na kuulizwa rangi ya wino, utasitasita, kwa sababu jicho limeshasoma. Mtafiti Amir Raz aliwaambia watu wanaoingilika sana kwamba wataona alama za lugha ngeni isiyo na maana. Kusitasita kule kukatoweka.

Inaposaidia, na inaposhindwa

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye maumivu na hofu ya matibabu. Mwaka 2000 Elvira Lang na timu yake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa wagonjwa 241 waliofanyiwa taratibu za mishipa ya damu na figo wakiwa macho. Waliopata huduma ya kawaida walikaa mezani wastani wa dakika 78. Walioongozwa kwa hipnosisi, dakika 61, tena kwa dawa chache za kutuliza. Mwaka 2007 utafiti wa New York ulihusu wanawake 200 waliokuwa wanapasuliwa saratani ya titi: dakika 15 za hipnosisi kabla ya upasuaji zilipunguza maumivu, kichefuchefu na uchovu baada yake. Mjini Liège, Ubelgiji, Daktari Marie-Elisabeth Faymonville na wenzake wamewahudumia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 1992 kwa kuunganisha hipnosisi, sindano ya ganzi na dawa kidogo ya kutuliza badala ya nusukaputi kamili. Esdaile angefurahi.

Eneo jingine ni lile tumbo lisilo na kidonda wala uvimbe lakini halimwachi mtu: linajaa gesi, linauma, leo linaharisha, kesho halipati choo. Peter Whorwell wa Manchester alionyesha mwaka 1984 kwamba wagonjwa 30 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia walitofautiana wazi. Waliopata hipnosisi walipona vizuri kuliko wenzao. Mgonjwa huweka kiganja tumboni, akahisi joto likiingia, akauona utumbo wake ukitiririka kama mto mtulivu. Tangu mwaka 2008 mwongozo wa tiba wa Uingereza unairuhusu kwa wale ambao dawa zimewashinda kwa miezi 12.

Upande wa pili, matangazo ya kuacha sigara kwa kikao kimoja hayana mguu wa kusimamia. Tathmini huru za tafiti, ikiwamo ya mwaka 2019, hazikupata ushahidi wa kutosha kwamba hipnosisi inazidi misaada mingine. Saratani haiyeyuki kwa maneno, malaria haitoki, na mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwapo huhitaji daktari wa akili kwanza.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye kumbukumbu. Miaka ya 1980 na 1990 nchini Marekani baadhi ya watibabu waliwalaza wateja wao na kuwachimba utoto wao wakitafuta madhila yaliyosahauliwa. Wengi walitoka na picha za kutisha ambazo hazikuwahi kutokea. Familia zilivunjika na watu wakashtakiwa. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus ameonyesha kwa majaribio jinsi kumbukumbu ya uongo inavyoweza kupandwa hata kwa maswali ya kawaida tu. Hipnosisi huongeza imani ya mtu kwa kile anachokikumbuka kuliko inavyoongeza ukweli wake. Bernheim mwenyewe alikuwa ameshaonyesha hilo karne moja kabla. Anayekuahidi kukurudisha utotoni, au kwenye maisha ya kabla hujazaliwa, mwage.

Neno kabla ya sindano

Huku kwetu jambo hili hutajwa zaidi kwenye mazingaombwe, na kwenye visa vya watu wanaosema waligusa mkono wa tapeli wakajikuta wametoa pesa na simu. Mtu wa jukwaani huwachagua wanaoingilika na kutegemea aibu ya kusimama mbele ya umati. Tapeli wa mtaani hutegemea haraka, tamaa na hofu, na wakati mwingine dawa kwenye kinywaji. Kumpa sifa ya hipnosisi ni kumsingizia utaalamu asiokuwa nao.

Ushawishi wa maneno, hata hivyo, tunao tangu zamani. Mganga anayemtuliza mteja kwa sauti, moshi wa ubani na ngoma anajua kwamba matarajio ni sehemu ya tiba. Ubaya huja pale maneno yanapotumika kumzuia mtu kwenda hospitali, au kumtajia mchawi. Kumtajia mchawi ni kupanda kumbukumbu ya uongo vilevile, na vikongwe wameuawa kwa sababu hiyo.

Anayetaka kutibiwa kwa hipnosisi aulize kwanza taaluma ya msingi ya mtibabu wake. Awe daktari, muuguzi, mwanasaikolojia au daktari wa meno kabla ya kuwa na cheti cha hipnosisi, na atibu kwayo yale tu ambayo angeweza kuyatibu bila hiyo. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayotaka washauri na wanasaikolojia wasajiliwe. Mteja ana haki ya kuomba kuona usajili huo. Mwenye kuahidi kuponya kila kitu amejikatalia mwenyewe.

Lakini faida kubwa kwa nchi zetu huenda isitoke kwa wataalamu hao wachache. Mwaka 2010 madaktari wa hospitali moja ya Boston walichapisha jaribio la akina mama 140 waliokuwa wanachomwa sindano ya ganzi mgongoni kabla ya kujifungua. Nusu waliambiwa watahisi kama wameumwa na nyuki mkubwa. Nusu waliambiwa wanapewa dawa itakayotia ganzi ili wakae vizuri. Sindano ilikuwa ileile. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, kundi la kwanza lilitaja maumivu ya 5, la pili 3.

Hapo hapakuwa na hipnosisi. Palikuwa na sentensi tu, iliyosemwa wakati mtu ana hofu na ameelekeza akili yote kwa aliyevaa koti jeupe. Saa hiyo kila kauli hufanya kazi, nzuri na mbaya. "Vumilia, hii itauma kweli" ni ushawishi. "Usijikaze hivyo, utaharibu" ni ushawishi pia, na hutolewa bure kila siku katika wodi zetu za wazazi na vyumba vya kung'olea meno. Muuguzi anafundishwa kutafuta mshipa, kupima kipimo cha dawa na kunawa mikono. Kumfundisha sentensi atakayoisema kabla ya kuchoma hakudai mashine, wala bajeti mpya, wala ruhusa ya wizara. Mwalimu wa chuo cha uuguzi anaweza kuanza nalo katika kipindi chake kijacho.